Upasuaji wa Moyo na Maisha Baada Yake: Tafiti za Mulago na Somo kwa Bwaise

Upasuaji wa moyo ni kazi ya saa chache, lakini matokeo yake hujulikana baada ya miaka. Mgonjwa anapotolewa katika chumba cha upasuaji akiwa hai, madaktari huwa wamevuka hatua ya kwanza tu, kwa kuwa bado haijulikani kama kidonda kitapona bila kuingiwa na vijidudu, kama mapigo ya moyo yatatulia, kama dawa zitapatikana kila mwezi, na kama baada ya mwaka mmoja au miaka kumi mtu huyo atakuwa na nguvu za kufanya kazi, kusoma au kulea watoto. Utafiti wa kitabibu kuhusu upasuaji wa moyo hufuatilia mambo hayo kwa mpangilio, mgonjwa baada ya mgonjwa, ili hukumu juu ya tiba itokane na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, wala isitegemee uzoefu wa daktari mmoja au furaha ya familia moja.

Utafiti huo una uzito wa pekee kwa wakazi wa Bwaise. Kitongoji hiki cha Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa Kampala, kimejengwa bondeni, katika eneo la kinamasi ambacho maji yake huelekea Lubigi, na mvua kubwa inaponyesha mitaro hufurika na maji machafu huingia majumbani. Familia nyingi huishi katika vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari, ambavyo wenyeji huviita mizigo, na mara nyingi chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jiko, na ndimo wanamolala wazazi na watoto wote. Kilomita chache kutoka hapo, juu ya kilima cha Mulago, ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 na ambayo ndiyo kituo kikuu cha taifa cha tiba na upasuaji wa moyo. Ukaribu huo waweza kumfanya mtu aamini kwamba mgonjwa wa Bwaise amebahatika kuliko wengine, lakini tafiti zilizofanywa nchini kwa zaidi ya muongo mmoja zinaonyesha kwamba hatima ya mgonjwa wa moyo hutegemea kwa kiasi kikubwa yale yanayotendeka nyumbani na katika kituo cha afya cha jirani, kabla ya kisu na baada ya kisu.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Katika nchi tajiri, wengi wa wanaofanyiwa upasuaji wa moyo ni wazee ambao mishipa inayolisha misuli ya moyo imeziba. Katika Afrika Mashariki hali ni tofauti, kwa maana wanaohitaji upasuaji wengi ni watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, pamoja na vijana ambao milango ya moyo wao, yaani valvu, imeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hutokana na maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Mwili wa mtoto hutengeneza kinga ya kupambana na bakteria huyo, lakini kwa baadhi ya watoto kinga hiyo huugeukia mwili wenyewe, ikashambulia viungo, ngozi, ubongo na hasa valvu za moyo. Shambulio likirudiwa mara kadhaa, valvu hukakamaa na kushikana hata zisifunguke vizuri, au hujikunja hata zisifunge sawasawa, na damu iliyopaswa kwenda mbele hurudi nyuma. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na kiasi cha watu 360,000 hufa kila mwaka kwa sababu yake.

Uhusiano kati ya ugonjwa huu na makazi ya watu umechunguzwa Mulago kwenyewe. Mwaka 2012 daktari wa moyo Emmy Okello na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa 243 wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na watu wengine 243 wasio na ugonjwa huo. Utafiti wa namna hii huitwa utafiti wa wagonjwa na walinganishwa, nao hutafuta kujua ni mambo gani katika maisha ya waliougua hayapatikani kwa kiwango kilekile katika maisha ya wasiougua. Mambo yaliyojitokeza ni ukosefu wa kazi, umbali kutoka kituo cha afya, na idadi kubwa ya watu wanaoishi katika nyumba moja. Jambo hilo la mwisho linaeleweka kwa urahisi, kwani streptokokasi huenea kwa matone ya kikohozi na mate, na mahali watoto wengi wanapolala kifua kwa mgongo, koo la mmoja huwa koo la wote.

Mwaka huohuo timu ya Andrea Beaton, daktari wa moyo wa watoto kutoka Marekani, ikishirikiana na madaktari wa Uganda, ilichapisha matokeo ya kuwapima watoto 4,869 wa shule za Kampala. Kila mtoto alisikilizwa kifua kwa stetoskopu na pia alipimwa kwa mashine ya ultrasaundi ya moyo, ambayo hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha valvu zikifunguka na kufunga. Stetoskopu iliwatambua watoto 23 tu, ilhali ultrasaundi iliwatambua 72, karibu mara tatu zaidi, nao wengi walikuwa wakicheza na kusoma bila dalili yoyote. Watafiti walibaini pia kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi, tena umekomaa zaidi, miongoni mwa watoto wa familia zenye kipato cha chini. Kwa hiyo vitongoji vya aina ya Bwaise vina kila sababu ya kuuhesabu ugonjwa huu kuwa wao, ingawa mara nyingi hauonekani mpaka kijana ashindwe kupanda mlima mfupi bila kuhema, au mama mjamzito alemewe na pumzi.

Suala la wajawazito limechunguzwa pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wanawake wajawazito 3,506 walipimwa moyo kwa ultrasaundi nchini Uganda, na ikaonekana kwamba wapatao 17 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wa moyo, wengi wao wakiwa na ule utokanao na homa ya baridi yabisi, na karibu wote hawakuwa wakijua. Ujauzito huongeza wingi wa damu ambayo moyo hulazimika kuisukuma, hivyo valvu iliyobana, ambayo mwanamke aliishi nayo kimya kwa miaka, huweza kumletea hatari ya kifo katika miezi ya mwisho au saa za kujifungua. Kwa kuwa Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Kawempe, iliyo jirani na Bwaise, ni miongoni mwa hospitali zinazozalisha wanawake wengi zaidi nchini, umuhimu wa matokeo hayo kwa kitongoji hiki hauhitaji maelezo marefu.

Kisu kinapoingia

Ili kuukarabati moyo, madaktari hupasua mfupa wa kifua katikati, huunganisha mishipa mikubwa ya damu na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha huusimamisha moyo kwa dawa ili waweze kuufungua. Mashine hiyo ilitumika kwa mafanikio mara ya kwanza mwaka 1953, pale daktari John Gibbon alipoziba tundu katika moyo wa msichana mmoja mjini Philadelphia, Marekani, na mwaka 1960 ndipo valvu za kutengenezwa zilipoanza kupandikizwa ndani ya moyo wa binadamu. Mulago nayo ina historia ndefu ya utafiti wa moyo, kwani mwaka 1948 mwanapatholojia J. N. P. Davies alieleza akiwa huko ugonjwa unaokakamaza utando wa ndani wa moyo, ambao baadaye ulitambuliwa katika nchi nyingi za joto. Hata hivyo upasuaji wa kuufungua moyo, wa kudumu na wenye kumbukumbu zilizopangwa, ulianza kushika mizizi katika Taasisi ya Moyo mwaka 2007, kwa njia ya timu za wataalamu wa kigeni waliokuja Kampala kufanya upasuaji bega kwa bega na madaktari wenyeji, ili ujuzi uhamie kwa hao wanaobaki.

Matokeo ya njia hiyo yalichapishwa mwaka 2014 na Twalib Aliku pamoja na wenzake wa Taasisi. Watafiti walipitia mafaili ya wagonjwa wote waliofunguliwa moyo kuanzia Oktoba 2007 hadi Juni 2012, nao walikuwa 124. Karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, ama vya juu ama vya chini, na wengine walikuwa na kasoro tata zaidi za kuzaliwa nazo. Waliofariki walikuwa asilimia 3.2, yaani wagonjwa 4, na vidonda au damu za wagonjwa 2 tu ziliingiwa na vijidudu. Wagonjwa 19 walifanyiwa upasuaji na timu ya wenyeji peke yake, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo aina za upasuaji zilivyozidi kuwa ngumu. Jambo moja lilitia uchungu: upasuaji wa wagonjwa 120 kati ya hao 124 ulilipiwa na mashirika ya misaada, na ni familia 4 tu zilizojilipia. Utafiti huo ulithibitisha kwamba upasuaji wa moyo unawezekana Kampala kwa usalama, na papo hapo ukaweka wazi kwamba bila fedha za umma mlango huo hubaki umefungwa kwa maskini.

Takwimu za namna hii zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wagonjwa 124 ni wachache kwa hesabu za utafiti, kwa sababu vifo 2 zaidi vingetosha kuipandisha asilimia 3.2 hadi 4.8, na ndiyo maana hospitali moja haipaswi kujisifu wala kulaumiwa kwa tofauti ndogo kama hiyo. Tena, hospitali inayowachagua wagonjwa wenye kasoro nyepesi itaonekana bora kuliko ile inayowapokea walio mahututi, hata kama ustadi wa madaktari ni uleule. Ili kuondoa upotofu huo watafiti hutumia vipimo vya hatari, ambavyo huzingatia umri, aina ya kasoro, hali ya figo, nguvu za moyo na mengineyo, kisha hulinganisha vifo vilivyotokea na vile vilivyotarajiwa. Kipimo kinachotumika sana kwa watu wazima, EuroSCORE, kilichapishwa mwaka 1999 kwa msingi wa wagonjwa wa Ulaya, ambao wengi wao ni wa umri mkubwa na wana mishipa iliyoziba, hivyo hakiwezi kupokelewa bila kuhakikiwa kwa kijana wa miaka 20 wa Kampala ambaye valvu zake zimeharibiwa na baridi yabisi na ambaye amefika hospitali akiwa amedhoofu. Vipimo vinavyomfaa mgonjwa wa Afrika Mashariki vitapatikana kwa kumbukumbu za wagonjwa wa Afrika Mashariki wenyewe.

Utafiti mwingine mpana, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu upasuaji wa aina mbalimbali katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, Uganda ikiwemo. Katika wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofuatiliwa, vifo vilifikia asilimia 2.1, takribani mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na matatizo yao hayakuwa makubwa zaidi. Vifo zaidi ya 9 kati ya kila 10 havikutokea siku ya upasuaji, vilitokea baadaye, mgonjwa akiwa wodini. Maana yake ni kwamba wauguzi wa kutosha, vipimo vya kila saa, damu ya kuongezewa na chumba cha uangalizi maalumu huokoa maisha sawasawa na mkono wa daktari mpasuaji, na taifa linalonunua vifaa vya upasuaji bila kuajiri wauguzi halijakamilisha tiba.

Valvu mpya, maisha mapya ya uangalifu

Kuziba tundu la kuzaliwa nalo mara nyingi humponya mtoto kabisa, naye hukua kama wenzake. Kubadilisha valvu ni jambo la namna nyingine, kwani humtoa mgonjwa katika hatari ya karibu na kumwingiza katika maisha ya kutunzwa mpaka mwisho. Madaktari huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuikarabati valvu ya mgonjwa mwenyewe, njia ambayo hupendelewa pale inapowezekana, ingawa valvu iliyokakamaa sana hairekebishiki. Ya pili ni kuweka valvu iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama, ambayo kwa kawaida haihitaji dawa ya kuzuia kuganda kwa damu maisha yote, lakini huchakaa upesi zaidi ndani ya mwili wa kijana na kumlazimu arudi kufanyiwa upasuaji. Ya tatu ni valvu ya madini na kaboni, ambayo hudumu miaka mingi, lakini humtaka mgonjwa ameze kila siku, maisha yote, dawa iitwayo warfarini, ili damu isigande juu ya chuma hicho na kuiziba valvu au kupeleka bonge la damu kwenye ubongo na kusababisha kiharusi.

Warfarini ni dawa nzuri isiyosamehe uzembe. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu tumboni au kichwani. Nguvu yake katika damu hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1, na kwa mwenye valvu ya chuma upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, hutakiwa kwa kawaida kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Mboga za majani zenye vitamini K nyingi, mfano nakati, dodo na sukuma wiki, hupunguza nguvu ya dawa hiyo pale zinapoliwa kwa wingi wa ghafla baada ya kuachwa kwa muda. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huipunguza nguvu sana, baadhi ya antibayotiki huiongeza, na pombe kali huivuruga. Mgonjwa hakatazwi mboga, ila hushauriwa ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na amweleze kila mhudumu wa afya kwamba anatumia warfarini kabla hajapewa dawa nyingine. Kwa mwanamke mambo huwa mazito zaidi, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na kuiacha bila mpango huweza kumuua mama, hivyo ujauzito wa mwenye valvu ya chuma unapaswa kupangwa na daktari kabla haujaingia.

Ukubwa wa tatizo ulionekana katika rejesta kubwa ya kimataifa iitwayo REMEDY, iliyoongozwa na wataalamu wa Cape Town na kuhusisha wagonjwa 3,343 wa nchi 12 za Afrika, Uganda ikiwemo, pamoja na India na Yemeni. Rejesta ni orodha ya wagonjwa wanaofuatiliwa kwa muda mrefu bila kuwabadilishia matibabu, ili ijulikane tiba ya kawaida inawafikisha wapi. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili asilimia 16.9 walifariki, na umri wa kati wa waliofariki haukufika miaka 29. Wale waliowahi kufanyiwa upasuaji wa valvu walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko ambao hawakufanyiwa, ila miongoni mwa waliotumia dawa ya kuzuia kuganda kwa damu, ni wachache tu waliokutwa na INR katika kiwango kinachotakiwa.

Kwa kuwa warfarini ina usumbufu huo wote, wengi walitumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kupimwa INR zingechukua nafasi yake. Jaribio liitwalo INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022, liliwagawa kwa bahati nasibu zaidi ya wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ambao walikuwa na ugonjwa wa valvu utokanao na baridi yabisi pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, lakini hawakuwa na valvu za chuma. Kundi moja lilipewa dawa mpya ya rivaroksabani, na jingine dawa za jamii ya warfarini. Kinyume na matumaini, waliotumia dawa ya zamani walifariki na kupata madhara ya moyo na mishipa kwa uchache zaidi, bila kuvuja damu zaidi. Bila jaribio hilo, maelfu ya wagonjwa wangehamishiwa kwenye dawa ghali yenye manufaa madogo kwao, kwa sababu tu ilikuwa imewafaa wagonjwa wa aina nyingine katika nchi nyingine. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kufanya tafiti miongoni mwa wagonjwa wanaohusika wenyewe.

Wanaopotea njiani

Uganda ina rejesta yake ya wagonjwa wenye ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 1,504 waliomo, ukifuata hatua za tiba moja baada ya nyingine: nani aligunduliwa, nani bado anahudhuria kliniki, nani ameandikiwa sindano ya benzathini penisilini inayozuia homa ya baridi yabisi isirudi, na nani anaipata kwa wakati. Kati ya waliokuwa hai, asilimia 56.9 tu walikuwa wamehudhuria kliniki katika wiki 56 zilizotangulia. Lakini miongoni mwa hao waliobaki katika matibabu, zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliandikiwa sindano, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 ya walioandikiwa waliipata ipasavyo. Somo lake ni kwamba wagonjwa hawaikatai tiba wakishaifikia. Wanachoshindwa ni kuendelea kuifikia. Wale waliohudumiwa katika vituo vya mikoani, karibu na makwao, walibaki katika matibabu kwa urahisi zaidi.

Kwa mkazi wa Bwaise kikwazo si urefu wa barabara. Mwanamke anayeuza mboga pembeni mwa barabara ya Bombo, au kijana anayeendesha boda boda, hupoteza kipato cha siku nzima anapokwenda kupanga foleni kliniki, na siku hiyo kodi ya chumba na chakula cha watoto havisubiri. Familia zinazopanga huhama kila mara kodi inapopanda au mafuriko yanapozidi, na namba za simu hubadilika, hivyo muuguzi anayemtafuta mgonjwa aliyekosa siku yake hamkuti. Mafuriko yenyewe huloanisha dawa na kadi za kliniki. Mambo hayo hayaandikwi katika faili la upasuaji, na bado yanaweza kuharibu matokeo ya upasuaji uliofanywa kwa ustadi wote.

Matumaini makubwa zaidi yametoka kaskazini mwa nchi. Kuanzia mwaka 2018 Taasisi ya Moyo ya Uganda na washirika wake waliendesha Gulu na maeneo jirani jaribio liitwalo GOAL, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Watoto 102,200 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 walipimwa moyo kwa ultrasaundi, na 818 kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo za ugonjwa, kabla hawajajisikia vibaya, waliingizwa katika uchambuzi. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yaliyolingana: kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na jingine halikuchomwa bali liliendelea kufuatiliwa. Mgawanyo huo wa bahati nasibu husaidia makundi yafanane kwa wastani katika kila jambo isipokuwa tiba, na waliosoma picha za mwisho hawakuambiwa mtoto yupi ni wa kundi lipi, ili matarajio yao yasipotoshe hukumu. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa watoto 33 wa kundi lisilochomwa, sawa na asilimia 8.2, na kwa watoto 3 tu wa kundi lililochomwa, sawa na asilimia 0.8. Kwa maneno mengine, kila watoto 13 wakichomwa sindano kwa miaka miwili, mmoja huepushwa na kuharibika zaidi kwa moyo, na madhara makubwa ya sindano yalionekana kwa watoto wawili tu. Kwa kuwa sindano hiyo inauma na inamtaka mtoto arudi kila mwezi, watafiti walianza baadaye jaribio jingine la kuilinganisha na vidonge vya penisilini.

Wajibu uliopo

Nyingi ya tafiti hizi zilisimama juu ya ridhaa ya watu. Mgonjwa au mzazi huelezwa kwa lugha anayoielewa lengo la utafiti, hatari zake na haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa tiba, na kamati za maadili hukagua mpango kabla mtu yeyote hajaandikishwa. Mkazi wa kitongoji maskini ana haki ya kuuliza maswali yote hayo, na ana haki kubwa zaidi ya kuona matokeo ya utafiti aliouchangia yakirudi kwake kwa sura ya huduma. Utafiti unaochukua damu na taarifa za watu kisha ukaishia katika majarida, huku kituo cha afya cha mtaa kikikosa penisilini, haujatimiza ahadi yake.

Ushahidi uliopo unatosha kuelekeza kazi. Wizara ya Afya na mamlaka ya jiji zinapaswa kuhakikisha kwamba benzathini penisilini haikosekani katika vituo vya afya vya Kawempe, kwamba kipimo cha INR kinapatikana karibu na wanapoishi wagonjwa, na kwamba wanawake wajawazito wenye pumzi fupi wanapimwa moyo mapema. Timu za afya za vijiji na wenyeviti wa mabaraza ya vijiji (LC1), ambao wanamjua kila mpangaji anayeingia na kutoka, wanaweza kuwa kiungo kati ya rejesta ya Mulago na mgonjwa aliyehama chumba. Watafiti nao wanapaswa kuhesabu matokeo ya upasuaji kwa miaka, na kuchapisha vifo na matatizo kwa uwazi uleule wanaochapishia mafanikio.

Kwa msomaji, hasa mzazi wa Bwaise na wa vitongoji vinavyofanana nayo, wito ni huu. Mtoto mwenye umri wa kwenda shule akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya badala ya kununuliwa vidonge viwili vitatu dukani, na akiandikiwa antibayotiki azimalize. Mtoto ambaye viungo vyake vinavimba na kuuma kwa kuhamahama, au anayechoka upesi kuliko wenzake, apimwe moyo. Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji asiache dawa wala kliniki kwa kuwa anajisikia mzima, na jirani yake amsaidie kutunza siku ya kurudi. Upasuaji hutolewa kwa wachache na kwa gharama kubwa. Penisilini, kipimo na ufuatiliaji vinaweza kumfikia kila mtu, na navyo ndivyo vitakavyoamua ni watoto wangapi wa Kampala watahitaji kisu hicho, na ni wangapi wataishi vizuri baada yake.